Sisimizi wa Chumba cha Baridi

Mzee niliyekuwa nikimtunza katika mji wa Gahanna, huku ughaibuni, alikuwa mwalimu mstaafu. Mezani kwake palikuwa na visanduku viwili vya kioo, kila kimoja na kundi la sisimizi wekundu wanaokusanya mbegu. Kila asubuhi, kabla sijamwogesha, aliniomba niwape punje chache za ulezi. Niliziweka mlangoni mwao, nikasimama kuwatazama wakizibeba moja moja hadi ghalani, mpaka mzee akanikumbusha kwamba maji yanapoa.

Msimu wa majani kuanguka, binti yake alikuja kumchukua akaishi naye Louisville. Akaniambia nivitupe visanduku kwenye takataka.

"Nipe mimi," nikasema.

Mzee alifurahi, akanielekeza. "Baridi ikianza, wanalala hadi Machi. Wanataka nyuzi hamsini na kitu za Farenhaiti, ubaridi wa kadiri, si baridi ya friji. Pamba yao ya maji isikauke. Na usiwaonee huruma ukawapasha moto."

Katika nyumba yetu ya kupanga huko Reynoldsburg, mji jirani, kulikuwa na chumba kidogo cha wageni. Nilifunga tundu la hewa ya moto, nikatundika kipimajoto, nikavifunika visanduku kwa kitambaa cheusi. Mume wangu aliporudi kutoka warehouse, ghala la mizigo anakofanya kazi, akasimama mlangoni.

"Donc, kwa hiyo tumekimbia vita tuje kufuga wadudu?"

"Ndiyo," nikamjibu. Akaenda kula.

Krismasi, dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, alikuja kutoka Buffalo pamoja na mama mmoja wa kwaya yao. Yaya alifungua kile chumba, akakunja mikono kifuani.

"Bon, haya, mdogo wangu, washa moto. Wageni tulale."

"Mtalala chumbani kwangu, yaya. Mimi na baba watoto tutalala sebuleni."

"Kwa sababu ya sisimizi?"

"Kwa sababu ya sisimizi."

Yule mama wa kwaya akasema kwa upole kwamba kwetu milimani, siafu wakiingia nyumbani, watu walimwaga majivu ya moto.

"Najua, mama. Nilikuwa nabeba hayo majivu. Lakini hawa hawakuingia. Nimewaleta mimi."

Yaya alinifuata jikoni. "Watu watakusema. Mkimbizi hana nafasi ya michezo."

"Kambini walinipangia chakula na pa kulala. Hapa wakanipangia kazi. Hiki nimechagua mwenyewe, yaya, na siombi ruhusa."

Asubuhi ya pili nikakuta tundu limefunguliwa na chumba kina joto kama jiko. Chini ya kitambaa sisimizi walikuwa wanakimbia huku na huku. Yaya hakukana. Alisema alinionea huruma kulala chini kama mtu asiye na kwake. Nikafunga tundu, nikalibandika karatasi ya gundi, nikafunga mlango na kuuweka ufunguo mfukoni. Ulikaa humo hadi walipoondoka. Yaya aliniaga bila kunikumbatia, na iliniuma, lakini ufunguo sikuutoa.

Machi nikaanza kuwapasha joto polepole, siku baada ya siku. Katika kisanduku cha kwanza malkia alitoka, akajinyoosha. Katika cha pili malkia alikuwa amelala ubavu, amekufa, na watoto wake bado wanamlamba. Kama ni ule usiku wa joto uliomuua, sijui. Nilikaa nao muda mrefu.

Nikampigia yaya, maana sikutaka aisikie kwa mwingine.

"Umeona?" akasema. "Mateso ya bure."

"Mmoja yupo hai. Akitaga, nitakutumia picha."

"Usinitumie."

Alitaga mwezi wa tano. Nikamtumia picha, na siku iliyofuata nyingine. Hakujibu.

Wale waliobaki bila malkia hawakuwa na wa kuwatagia, wala watakaowafuata. Wakapungua wiki hadi wiki. Mume wangu akashauri niwamwage nje, niokoe ulezi. Nikaendelea kuwawekea punje mlangoni, na maji kwenye pamba, mpaka mwezi wa nane alipobaki mmoja. Huyo naye nilimlisha.