Fumba Lililonizidi Urefu

Juzi kitinda mimba wangu alianza kufunga sanduku. Anakwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Ameambiwa joto la kule lina maji ndani yake, ukitoka nje asubuhi nguo inakuganda mgongoni kama umenyeshewa. Basi akawa anarusha vitu kitandani: hiki chembamba kiende, hiki kizito kibaki, hiki kitaota ukungu. Mimi nimekaa mlangoni namtazama tu. Akaniuliza, "Mama, mbona wewe hujasafiri hata kufika Lamu?" Nikamwambia niliwahi kufungiwa mzigo. Akacheka, "Ukaenda wapi na huo mzigo?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe msomaji, kwa kuwa wewe hutanikatiza. Na usinitafutie maneno ya kupambwa. Shule ya misheni pale Ngao niliionja miaka miwili tu, nikatolewa. Ninaandika kama nisemavyo.

Ilikuwa kabla ya uhuru, miaka ile ya hamsini na kitu. Tulikaa upande wa Idsowe, mimi na nyanya yangu mzaa mama, nyumba ya makuti karibu na mto kiasi cha kusikia viboko wakikoroma. Mama yangu alikuwa amekufa. Baba alikuwa amekwenda Pemba kuchuma karafuu mimi nikiwa bado mgongoni, hata meno sijaota. Sura yake siijui, naye yangu haijui. Kumbuka hilo neno, ndilo lililoniua.

Nyanya alikuwa akiniita mke mwenza. Alfajiri angenigusa mguu: "Amka, mke mwenza, ndege hawalali." Kazi yangu ilikuwa kuamia mpunga. Ukishaanza kukomaa, unapanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, na kombeo lako, unapiga kelele na kurusha udongo tangu jua halijatoka hadi linapozama, la sivyo ndege watakuachia mabua. Jioni nilirudi sina sauti. Nyanya alinipa uji wa mchele na kambare wa kukausha, naye akisuka ukili wa mikeka huku akinisimulia. Harufu ya moshi, ya samaki, ya miyaa mibichi iliyolowekwa: ukiniamsha leo usingizini nitazitambua zote tatu. Nilimpenda. Naliandika hili mapema kusudi usije ukadhani sikumpenda.

Kiangazi kimoja, Waorma wameshateremsha ng'ombe mtoni na kengele zao zinalia mchana kutwa, mjomba wangu alikuja na habari. Huyu ndiye mwana wa pekee wa kiume wa nyanya. Alikuwa amefika Kipini, akakutana na watu wa Pemba, wakampa salamu za baba: nileteeni mwanangu, nina nyumba sasa, nina mikarafuu yangu mwenyewe, nataka nimtie chuoni akasome Kurani. Mjomba akasema yeye mwenyewe atanipeleka, kwa mtumbwi hadi Kau, kisha Kipini, kisha tupande chombo.

Usiniulize nilivyofurahi. Niliimba juu ya dungu hadi ndege wakanizoea.

Ndipo matayarisho yakaanza. Jirani yetu mmoja aliwahi kuchuma karafuu kule, na alikuwa mcheshi, hana jambo asilolitia chumvi. Akaja kukaa barazani kutufundisha namna ya kufunga mzigo wa nchi ya mvua. "Blanketi acheni," akasema. "Pemba blanketi linakunywa maji kuliko ng'ombe. Kiatu cha ngozi ukikilaza jioni, asubuhi kimeota ndevu. Hata chumvi ya kule inalia machozi." Nyanya akatikisa kichwa, akakubali kila neno. Akatwanga pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa kisha ukatwangwa ukawa bapa, kwa sababu hauozi njiani. Akabadilisha mchele na mama mmoja wa Kiorma akapata samli, akaitia katika kibuyu na kukiziba kwa nta. Akaninunulia kanga nyekundu duka la Garsen, akanitanda nayo, akanigeuza, akasema nimekuwa mwari.

Lakini kitu kikubwa kilikuwa fumba. Watoto wa siku hizi hawalijui. Ni mkeka uliokunjwa maradufu ukashonwa ukawa kama gunia. Unaingia ndani, unavuta upindo chini yako, mbu wanabaki nje wanatukana. Nyanya alikuwa na msemo wake: msafiri wa nchi ya majimaji hubeba usingizi wake. Na fumba kwetu halisukwi kwa kukisia. Mwenyewe hulazwa chali sakafuni, miguu imenyooshwa, msusi anaweka utete, ule ufito wa matete ya mtoni, ubavuni, unyayo hadi utosi, anaongeza shubiri moja, anakata. Ule utete ndio kipimo. Aliyepimwa ndiye atakayelilalia, basi.

Nikangoja nilazwe. Siku zikapita, ukili unarefuka, sijalazwa. Jioni moja nikarudi kutoka shambani nikamkuta binti wa mjomba amelala chali sakafuni kwetu, nyanya amepiga magoti anapitisha utete ubavuni mwake. Binti huyo tulikuwa rika moja, tumefanana macho, ila yeye alinizidi kichwa kizima. Nyanya akashtuka kidogo.

"Ulichelewa," akasema. "Nimemlaza huyu badala yako. Nyinyi si damu moja?"

"Nyanya, huyu ni mrefu!"

"Na wewe utakua, mke mwenza. Nchi ya mvua watoto huchipuka kama mchicha."

Nikacheka, nikaamini. Hata fumba lilipokwisha, likatandazwa barazani, jirani akalitazama, akauliza, "Mama, hili la mjukuu wako au la twiga?" Sote tukacheka, na nyanya naye akacheka. Sasa nikikumbuka kile kicheko chake ndicho kinachonichoma, kwa maana mkono wake haukuacha kushona.

Asubuhi ya safari kila kitu kilikuwa kimefungwa: pepeta ndani ya pakacha, kibuyu juu yake, kanga ndani ya fumba, fumba limeviringwa na kukazwa kwa kamba. Nyanya akanigusa mguu. "Nenda dunguni mara moja tu, ukawatishe ndege. Mjomba wako bado anaziba ufa wa mtumbwi. Atakupitia hapo hapo shambani, kando ya mto."

Nilikwenda mbio. Jua lilipopanda nikauona mtumbwi unateremka. Mjomba amesimama nyuma na upondo. Katikati, juu ya fumba langu, ameketi mtu ametanda kanga nyekundu. Nakwambia kweli, mwanzo nilipunga mkono kwa furaha. Nilifikiri binti wa mjomba anakuja kunisindikiza, na kanga yangu kaiazima. Nikashuka dunguni, nikapita katikati ya mpunga nikiukanyaga, nikasimama ukingoni, maji yakinifika magotini. "Mjomba! Niko hapa!"

Mtumbwi haukugeuka. Binti wa mjomba akanitazama, kisha akavuta kanga akajifunika uso. Mjomba naye hakunitazama kabisa. Alisukuma upondo, akapaaza sauti akiwa ameshanipa mgongo: "Rudi ukaamie! Ndege wanamaliza mpunga wa mama yangu!"

Na kweli walikuwa wanaumaliza. Sikuwafukuza.

Mjomba aliporudi, mpunga tumeshavuna. Akaketi jikoni akila, akamsimulia nyanya nami nipo pale pale napepeta mchele, kana kwamba mimi ni kinu. "Baba mtu kamkumbatia, akalia kama mwanamke. Kamshika kidevu, akasema, haya ndiyo macho ya mama yake." Nyanya akasema, "Alhamdulillahi." Nikauliza, "Anamwita nani?" Mjomba akatafuta mwiba wa samaki mdomoni. "Anamwita jina lake," akasema. Jina lake, yaani langu. Ndiyo maana siliandiki hapa. Tangu siku ile lina mwenyewe.

Nikamgeukia nyanya, nikalia, nikamuuliza kwa nini. Hakukana. "Mwanangu ana watoto saba na hana shamba la maana," akasema. "Mimi nina wewe tu. Ukienda wewe, nani ataniamia?" Kisha akaninyooshea bakuli nile.

Nikamfuata jirani. Nilijua atarudi Pemba msimu wa karafuu. Nikamshika magoti: mwambie baba yangu huyo si mimi. Yule bwana wa maneno mengi akanibandua mikono magotini. "Mimi sitii mkono katika chungu cha watu, mwanangu," akasema. Akaenda, akarudi, hakusema.

Basi nawataja. Wa kwanza ni mjomba, aliyeiba. Wa pili ni jirani, aliyenyamaza. Nyanya sijui nimwekee nafasi gani. Nilimlea hadi akafa, nikamwosha kwa mikono hii, na hata siku ile sikupata machozi ya kumlilia. Baba naye alikufa kule, nasikia aliyempa maji ya mwisho ni mtoto wake mpenzi. Nasikia pia kuwa ana kaburi zuri.

Sasa miyaa ya kusukia imefyekwa, madungu yameoza, fumba hakuna ajuaye hata kulitaja. Vyandarua vinagawiwa hospitalini. Msusi wa mwisho niliyemjua alikuwa nyanya, nami nilikataa kujifunza.

Lakini jana nilikwenda mtoni nikakata utete. Nikamwambia binti yangu alale chali sakafuni. "Mama, wanipima sanda?" Nikamwambia anyamaze, anyooshe miguu. Nikampima, unyayo hadi utosi, nikaongeza shubiri. Kisha nikatoa nguo zote sandukuni, moja moja, nikaziweka juu ya ule utete. Zote zilikuwa za kimo chake, zake mwenyewe. Nikazirudisha, nikafunga mwenyewe.

Kesho gari linaondoka Garsen asubuhi. Mpunga umekomaa, na wa kuamia ni mimi. Waule ndege wote wa Tana. Nitasimama chini ya dirisha hadi nione uso wa aliyekalia kiti cha binti yangu.