Feni ya Maji Iliyomnasa Mama Bhanwari

Mkwe mtarajiwa alishika feni yetu ya maji, akakataa kuiachia.

Nilidhani ameipenda.

Hapa Bikaner, mji wa jangwani India, mwezi wa sita, lile sanduku la bati linalopuliza ubaridi ndilo roho ya nyumba. Letu lina kasoro moja ndogo tu.

Linapiga shoti.

Wenyewe tunaligusa tukiwa na ndala za mpira. Limetuzoea, tumelizoea.

Siku hiyo walikuja kumposa mjukuu wangu Sugna. Mama Bhanwari na mwanawe Narpat, injinia wa umeme, eti. Kwa adabu wakavua viatu mlangoni. Sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa, bado ina majimaji.

Ningewaonya? Nimwambie mkwe feni yetu inauma? Posa ingefia palepale. Nikatabasamu, nikaendelea kusukuma chapati.

Mama Bhanwari akanyoosha mkono ageuzie upepo upande wake.

Akanasa.

Hakupiga hata kelele. Umeme ukikupitia, misuli inajikaza yenyewe. Vidole vinalikumbatia bati, kifua kinagoma kuvuta pumzi. Alikuwa ananitazama tu, meno nje, kama anayecheka.

"Mama!" Narpat akaruka, mikono mitupu, miguu mitupu.

Angemgusa, wangenasa wawili. Nikamtandika mkononi kwa mti wa kusukumia chapati.

"We bibi, umedata?"

"Usimguse! Sugna, swichi!"

Sugna alishafika ukutani. Akazima.

Mama Bhanwari akadondoka kama gunia la uwele. Mwanangu, baba yake Sugna, akatoka mbio kutafuta mchanga tumfukie, maana huku wapo wanaoamini mchanga unanyonya umeme mwilini.

"Hajafa bado," nikamwambia. "Unamzika wa nini?"

Akakohoa. Tukambeba hadi hospitali, wakampima moyo. Unadunda vizuri. Kiganjani ana kidonda cheusi, kidogo kama punje ya dengu.

Pale kitandani nikaona bora niseme.

"Mkwe, nisamehe. Feni ile tulijua."

Akajiinua kwenye mto.

"Bibi, na mimi nisamehe. Huyu si injinia. Anauza balbu dukani kwa mjomba wake."

Narpat akaangalia dari, kama vile kuna balbu ya kubadilisha.

Sugna akamgeukia. "Kwa hiyo ulivyomrukia mama yako, hukujua chochote?"

"Nilijua ni mama yangu."

Mimi nilishaanza kutafuta ndala zangu tuondoke.

"Bibi, kaa," Sugna akasema. "Huyu nimemkubali. Kuzima swichi nitamfundisha."

Basi wewe unayesoma, kama kwako kuna friji au pasi inayotekenya, mwambie mgeni kabla hajavua viatu. Na mtu akinasa, zima kwanza, ndipo umshike.

Aibu haijawahi kusimamisha moyo wa mtu. Umeme unausimamisha, na wala haukugombezi kwanza.