Mtoto wa Marehemu

Karani aliyetabasamu sana ndiye aliyenitia wasiwasi. Mimi huwa siwaamini wanaotabasamu ofisini. Tulikuwa watatu mbele yake: mama yangu, mimi, na mama mkubwa, mjane wa mwanajeshi.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni, nami nilikuwa nimeitwa sekondari. Mama mkubwa alikuwa amesikia, pale kwetu Mumbuni, kwamba watoto wa wanajeshi waliofia kazini husaidiwa karo. Yeye hakujaliwa kuzaa. Mumewe alipofariki alifanya wanavyofanya Wakamba: yeye mwenyewe alimwoa mama yangu, akalipa mbuzi wa mahari, ili boma lisife. Mke wa namna hiyo huitwa iweto, na watoto atakaozaa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Nyumbani hakuna aliyeona ajabu, wala hatukufikiria kwamba serikali ingeona.

Karani aliuliza mzee alikufa lini, kisha mimi nilizaliwa lini. Akaweka kalamu chini.

"Mama, huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa bwana yangu."

"Si bwana yako alikuwa amekufa?"

"Ndio. Kwani akikufa, boma pia imekufa?"

Akatukagua mmoja mmoja, kuanzia viatu hadi vitambaa vya kichwa. Nikajua tumeshakuwa wezi. Akainama, akapunguza sauti.

"Wacha nikusaidie. Sema ni mtoto wa ndugu yako, unamlea tu. Hiyo maneno ya karo tuachane nayo. Lakini ukisema ni wa mzee, itabidi pensheni yako isimame kwanza, tuchunguze."

Mama alinishika mkono hadi ukauma. Tangu aolewe alihofia kwamba siku moja tungeambiwa sisi si wa pale. Mimi nilimshuku karani, nikamshuku na mama mkubwa pia kwamba angenikana, maana pensheni hiyo ndiyo iliyomnunulia dawa za presha.

Mama mkubwa hakukawia. "Ni wa bwana yangu. Andika."

Pensheni ikasimama, na uchunguzi haukuisha. Akaanza kwenda Katangi kulima vibarua, leo anakunywa dawa, kesho anaruka. Alianguka shambani msimu wa palizi, akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Mazishini watu walimsifu kwa msimamo wake. Mimi nililia kwa hasira. Ningemsamehe kabisa kama angenikana.