Siku Tuliyorudi na Trauti

Wiki iliyopita nilipita Rosettenville, mtaa nilikokulia, nikakuta gereji ya mzee jirani imegeuka duka la matairi. Nilisimama mlangoni nikinusa mpira mpya, na pua ikakataa. Ilitaka harufu ya zamani: gundi, vanishi, na mwanzi uliopashwa moto kidogo ili unyooke.

Mzee jirani alikuwa Mreno, mjane, mwenye mikono mipana kama sepetu. Aliupasua mwanzi kwa kisu, akaunga vipande vyake vyembamba kwa gundi, akavifunga kwa uzi wa hariri hadi ukapatikana ufito wa kuvulia. Huo uzi ndio uliomleta dukani kwa baba, fundi cherehani, mtu wa Bukavu, niliyemwita papa kama watoto wa kwao, aliyekuwa na hariri ya kila rangi. Kireno cha mmoja na Kifaransa cha mwenzake vilikutana njiani, wakaelewana wanavyojua wenyewe. Wa tatu wao alikuwa kinyozi wa mlango wa pili, mtu wa Tanga, mcheshi, niliyemwita mjomba. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kazi yangu ilikuwa kufunga nzi.

Usinicheke. Nzi hao ni manyoya ya jogoo na nyuzi, hufungwa kwenye ndoana ndogo hadi vifanane na mdudu. Trauti ni samaki wa maji baridi, mwenye madoa na kiburi. Ukimfungia nzi ovyo, hamgusi.

Jumamosi za kipupwe tulipanda pikapu ya mzee kwenda bwawani, mbali na mji, majani yakiwa meupe kwa baridi. Mama alitufungia maandazi. Mjomba alibeba chai ya tangawizi. Mzee alizoea kuleta soseji za nguruwe, lakini alipogundua mjomba ni Mwislamu aliacha, akawa analeta dagaa wa kopo. Kisha walisimama majini, kila mtu na ufito wake, mishipi ikivuma juu ya vichwa vyao. Baba alikuwa akiniambia, "Mutoto, usipigane na samaki. Umuache achoke ye mwenyewe."

Lakini hazikuwa asubuhi za upole. Samaki alipigwa kichwani kwa kigogo hadi macho yakasimama. Siku moja upepo uligeuza mshipi, ndoana ikazama sikioni mwa baba. Mzee aliing'oa kwa koleo huku baba ameuma mkono wa koti lake na damu ikimchirizika shingoni, na mjomba akimshika kichwa na kumtania kwamba sasa ametogwa kama bibi harusi. Baba alicheka akiwa na machozi. Nilidhani maumivu ya dunia ndiyo yale: yanakuja, yanang'olewa, watu wanacheka.

Mwaka wa mwisho kabla ya korona, mji ulichafuka. Maduka ya wageni yalikuwa yakichomwa mitaa mingine, na mama alituomba tusitoke. Baba alijibu, "Tukijifungia sisi wenyewe, tumewasaidia kazi." Tukaenda. Tulivua vizuri siku hiyo. Tulirudi mchana, trauti wakiwa kwenye ndoo, mjomba akiimba.

Karibu na mtaa wetu roboti, taa ya njia panda, ilikuwa nyekundu, mzee akasimamisha gari. Wanaume wenye rungu na matofali wakatokea pande zote. Tofali la kwanza lilivunja kioo cha mbele. Mmoja akamwonyesha mjomba kiwiko chake, akamtaka akitaje kwa Kizulu, mtihani wao wa kumjua mgeni. Mjomba alijua Kizulu cha kunyolea tu. Hofu ikampa Kiswahili: "Kiwiko, ndugu yangu, kiwiko!"

Wakamvuta nje kupitia dirisha. Baba akashuka kumfuata, akapigwa kipaji cha uso, akaanguka magoti. Mzee akachukua ufito akawachapa nao. Wakamnyang'anya, wakauvunja, kisha wakampiga mkono kwa chuma. Nilisikia mfupa.

Nikaruka chini kutoka nyuma ya pikapu, mkono ukanishika kwa nyuma. Alikuwa mama mmoja Mzulu aliyechoma mahindi kwenye kona ile. Sikulijua hata jina lake. "Ngumntanami lona!" alipiga kelele. Huyu ni mwanangu!

Kijana mwenye panga akanisogelea, akaniuliza kwa Kizulu, "Huyu ni mama yako?"

Nilimtazama baba. Damu ilikuwa inamwingia machoni. Naye alinitazama, mara moja, kisha akageuza uso kando, kama mtu aliyeona mtoto wa watu. Nikaelewa.

"Yebo," nikasema kwa Kizulu cha shuleni. "Ni mama yangu."

Yule mama akanibana uso kwenye aproni yake iliyonuka moshi. Mengine niliyasikia tu: vishindo, mjomba akimwita mama yake aliyekuwa Tanga, vioo, halafu king'ora na miguu ikikimbia.

Jioni alinirudisha nyumbani akiwa amenishika mkono. Baba, kichwa kimefungwa bandeji, alimshika mikono yote miwili. "Amenilowesha nguo nzima kwa machozi, mtoto wako huyu," yule mama alisema, na mama yangu akamkumbatia pale pale kizingitini.

Mjomba alipoteza jicho, na bandeji ilipotoka alirudi Tanga moja kwa moja. Mkono wa mzee uliunga vibaya, haukuweza tena kupasua mwanzi. Binti yake alikuja kumchukua. Kona ya mahindi sasa ina mtu mwingine, hajui ninamuulizia nani. Fito zilienda wapi, sijui. Ninachokitafuta si fito. Ni wale wanaume watatu majini, kila mmoja na lugha yake, wamenyamaza kwa raha.

Baba bado anashona. Niliporudi nyumbani siku ile ya gereji, nilimuuliza aliwaza nini alipogeuza uso. Aliendelea kukanyaga cherehani hadi pindo likaisha.

"Nilikuwa naomba Mungu," alisema, "usiniite papa."