Gia Ishirini na Moja za Baba

Baba aliuza fahali wake mmoja akaninunulia baiskeli ya milimani, ya gia ishirini na moja. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha ualimu na talaka, na bado nilinunuliwa baiskeli kama mtoto aliyefaulu mtihani. Sikuwa nimefaulu chochote. Nilikuwa nimerudi nyumbani Mulanda, mashariki mwa Uganda, baada ya ndoa yangu kuishiwa pumzi, nikawa natembea kwa miguu kwenda kufundisha katika shule ya Kiyeyi. Mwalimu mkuu alishachoka kunipokea nimechelewa huku darasa la tatu likijifundisha lenyewe kupigana.

Kuhusu hizo gia lazima nieleze. Baba ni mmoja wa wale wanaume wa Busia waliobeba watu kwa baiskeli kutoka boda hadi boda, yaani kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, kabla pikipiki hazijaja kuwapokonya kazi. Maisha yake yote ya ujana alisukuma baiskeli nyeusi ya chuma yenye gia moja tu, nyuma kapakia mama wa watu, gunia la omena na jogoo juu yake. Kitu pekee cha fahari kwenye baiskeli ile kilikuwa taa ya dinamo, ile inayopata umeme gurudumu likizunguka, kubwa kama kikombe. Abiria waliwapita wenzake wakaja kwa mwenye taa. Mimi niliisugua kwa majivu kila Jumamosi, na shuleni niliwaambia wenzangu kwamba mwanga wa baba unafika Kenya.

Magoti yake yaliishia kwenye barabara ile, naye akaapa kwamba binti yake akipanda baiskeli, itakuwa yenye gia. Siku ilipoletwa, aliwaita majirani waje kuhesabu. Mbele magurudumu matatu ya meno, nyuma saba. Jirani mmoja alirudia hesabu mara mbili, akatangaza kwamba hata gari la mheshimiwa halina gia nyingi hivyo. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Kumbe zilikuwa ishirini na moja kwa kuhesabiwa tu. Kila nilipobonyeza swichi ya mkono wa kushoto, ile inayohamisha mnyororo kutoka gurudumu moja la mbele kwenda jingine, mnyororo uliruka nje ukalala vumbini, nami nikapiga magoti kuurudisha. Nikawa nachelewa kwa baiskeli kuliko nilivyochelewa kwa miguu, tena sasa nina grisi mpaka kwenye kola. Mwalimu mkuu aliniambia, kwa ule upole unaotisha, kwamba hali ikiendelea hivi ataandika barua.

Nikaipeleka Busia, upande wa Kenya, kwa fundi mmoja mzee aliyewahi kubeba watu pamoja na baba. Aliizungusha pedeli mara tatu, akasema tutoe magurudumu mawili ya mbele tubaki na la katikati. Akaniambia wiki iliyopita walipita wazungu wakienda kupanda mwamba wa Tororo, na baiskeli zao zenye bei ya kiwanja zilikuwa na gurudumu moja tu mbele, sawasawa na mkweche wa baba yangu. Wamezunguka dunia nzima, alisema, wakarudi palepale kwetu.

Nilikataa. Nilitaka kufika shuleni mapema, ndiyo, lakini baba alikuwa ameuza fahali. Ningerudije nyumbani kumwambia kwamba zawadi yake imepunguzwa, zimebaki saba? Macho yake yalishaanza kuingia ukungu, na gia zile ndizo alizokuwa akizisimulia kanisani kila Jumapili. Nilikaa kwenye benchi la fundi nusura nilie, mwanamke mzima, kwa ajili ya vyuma viwili.

Fundi aliniangalia, kisha akasema basi tutaficha. Alizikata riveti kwa patasi. Gurudumu dogo akalitupa kwenye kopo la misumari. Lile kubwa akalisaga meno yote mpaka likawa kibogoyo, akalirudisha kwa nje liwe ua wa kuzuia mnyororo, na pia ili mtu mwenye haraka ahesabu mawili, la tatu aliamini bila kuliona. Mnyororo akaufupisha. Swichi ya kushoto akaiacha mahali pake, waya wake ukafungwa chini ya fremu, hauendi popote. Ukiibonyeza bado ililia: tak, tak.

Jamani, baiskeli ile sasa ilikwenda! Kesho yake nilifika kabla ya kengele. Mwalimu mkuu alitazama saa yake, akaitikisa.

Ikabaki kazi ya kudanganya. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilichukua miezi minane, kwenda na kurudi. Kila asubuhi baba alikaa kwenye kigoda mlangoni na kikombe chake cha chai, akaniamuru nianze na gia ya kwanza kwa sababu mbele kuna kilima. Mimi nabonyeza: tak. Jioni aliniuliza leo nimetumia gia ngapi, na mimi, mwalimu wa hesabu, nikamjibu kumi na nne. Siku moja alimwambia yule jirani aijaribu. Jirani alizunguka ua mara mbili akibonyeza kwa heshima zote, akarudi akasema namba tatu ni ya hatari, hiyo iachiwe lami. Niliingia jikoni nikacheka, halafu nikaona aibu. Baba alikuwa anaamini kila neno langu.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka aliomba nimsogezee baiskeli aitie mafuta mwenyewe. Nikaisogeza. Alianza nyuma, akaja mbele polepole, vidole vyake vikaligusa lile gurudumu lisilo na meno, vikatulia hapo. Nikashindwa.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Gia nilizitoa."

Baba akitaka kusema jambo zito huacha Kidhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, na kuhamia kwenye Kiswahili chake cha boda.

"Mwalimu, mimi nasikia hiyo cheni toka siku ya kwanza. Cheni ya gia tatu inalia. Hii imenyamaza."

Nikamuuliza mbona aliniacha nibonyeze miezi minane kama mwendawazimu. Akasema nilikuwa nabonyeza vizuri. Halafu alipangusa mafuta kwenye suruali.

"Unakumbuka taa yangu?"

Nikamwambia ningeisahauje.

"Haikuwaka hata siku moja. Dinamo inakula miguu, inafanya pedeli nzito. Nilikata waya."

Nilimtazama yule mzee kana kwamba ndiyo kwanza namwona. Miaka yote ile, abiria wote wale. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata mimi.

"Wewe ulikuwa unaisugua na majivu kila Jumamosi," akasema. "Sasa mimi ningesema nini?"

Jumatatu baada ya sikukuu alikuwa kwenye kigoda chake kama kawaida. Akaniambia nianze na ya kwanza, mbele kuna kilima. Nikabonyeza.