Klementina na Picha ya Binti Mfalme wa Hawaii

Klementina hakuwa mtu wa kunyamaza. Katika kijiji cha Wakristo pale misheni ya Bagamoyo, wenzake walimjua kwa mkono wake wa kuchora na kwa ulimi wake. Aliletwa pwani na msafara wa pembe za ndovu akiwa mtoto, kamba shingoni, akakombolewa na mapadri akiwa amekonda kama ufito. Wakambatiza, wakampa jina. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limeshampotea njiani, na kila alipojaribu kulitafuta kichwani alipandwa na hasira.

Kuchora alifundishwa na bruda mzee aliyepamba kanisa. Bruda alipokufa kwa homa alimwachia brashi na mabaki ya rangi. Zilipopungua, Klementina alitengeneza zake: nyekundu kwa udongo wa ngeu, nyeusi kwa masizi ya chungu. Alichora watakatifu na malaika, wote weupe, kwa sababu ndivyo walivyokuwa vitabuni.

Mwaka 1886 aliletwa misheni baharia mgonjwa aliyeachwa Unguja na merikebu yake. Alikuwa mtu wa rangi ya kahawia, mpana wa mabega, jina lake Keoni. Kwao ni visiwa viitwavyo Hawaii, kwenye bahari nyingine kabisa. Kiswahili alikiokota bandarini. Klementina ndiye aliyekuwa akimpelekea uji, na siku moja Keoni akamwonyesha picha ya kuchapwa aliyoihifadhi ndani ya bweta lake. Ilikuwa ya msichana wa rangi kama yake, amejitanda joho la manyoya mekundu ya ndege, anatazama mbele bila kuinamisha macho.

"Huyu nani?" Klementina akauliza.

"Binti wa mfalme wetu. Zamani. Alikufa kijana."

"Mfalme? Wa rangi hii?"

Keoni alicheka hadi akakohoa. "Wote wa rangi hii. Nchi ndogo, dada, lakini yetu. Sasa wageni wenye mashamba ya miwa wanaitaka."

Wiki ile Klementina hakugusa mtakatifu hata mmoja. Alimwomba mumewe Hieronimo, fundi seremala, ampatie kitambaa kizito cha tanga. Akakiwamba kwenye fremu, akakipaka chokaa iliyochanganywa na uji wa muhogo, akaanza kumchora yule binti, kwa ukubwa wa mtu halisi. Keoni alikaa kando akimsahihisha: joho lishuke zaidi, mdomo usicheke. Picha ilipokamilika, baharia yule alilia. Alipopona alipata merikebu nyingine, akaondoka huku akisema, "Mtundike, watu wamwone."

Mjini palikuwa na Mzungu mnunuzi wa pembe ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Hieronimo alikuwa anamtengenezea milango ya nyumba yake mpya ya mawe. Siku moja Bwana Miwani alimfuata fundi wake nyumbani, akaiona picha, akaitaka. Klementina alikataa, kisha bwana yule akamwambia kwamba ataitundika sebuleni, mahali wanapopita wafanyabiashara wa kila kabila. Hapo akakubali. Alilipwa jora la bafta, kitambaa cheupe cha pamba, akashona gauni lake na la binti yake Skolastika.

Haukupita muda mrefu, Mosi, bawabu wa Bwana Miwani, akaja akamkuta anatwanga.

"Mama Skola, nina neno, ila usinifokee mimi."

"Sema."

"Ile picha wameipeleka uani. Bwana na wageni wake wanailenga kwa bastola. Anayempata kifuani anamiminiwa mvinyo."

Klementina aliacha mchi ndani ya kinu. Aliingia ndani, akalivua lile gauni la bafta, akajifunga kaniki yake kuukuu. Akakusanya gauni lile, la mtoto na kitambaa kilichobaki, akaelekea mjini.

Mlangoni kwa Bwana Miwani alimkuta Hieronimo, randa mkononi. Mlio wa risasi ukasikika kutoka uani, na vicheko.

"Ulikuwa unasikia haya?" akamuuliza.

Hieronimo akaitazama randa yake. "Rudi nyumbani, mke wangu."

Alimpita. Uani akaenda kusimama mbele ya picha, mgongo wake ukiigusa. Bwana Miwani akashusha bastola.

"Ondoka hapo, mama. Mchezo tu huu. Picha ya mshenzi wa visiwani, tena nimeinunua."

Klementina akambwagia nguo miguuni. "Bafta yako hiyo. Hata niliyoivaa nimeivua. Ulisema unamtundika watu wamwone. Hukusema unataka kumuua. Kama una haja ya uso wa kulenga, nitakuchorea wa mama yako!"

Mgeni mmoja akaangua kicheko. Bwana Miwani akawa mwekundu hadi masikioni, lakini mkono wake haukuinuka. Klementina akajitwika fremu kichwani, akatoka.

Hieronimo alifukuzwa kazi siku ile ile. Alirudi nyumbani akiwaka. "Umetukosesha chakula kwa ajili ya kitambaa!"

"Mimi nilipitishwa mji huu nikiwa na kamba shingoni," Klementina akasema. "Watu walikaa barazani wakatazama. Hakuna aliyesema neno. Leo nimekukuta na wewe umekaa unatazama."

Walikula muhogo mkavu mpaka Hieronimo alipopata kazi ya madirisha kwa Mbaruk, mfanyabiashara wa nazi.

Klementina aliyaziba matundu kwa viraka nyuma ya kitambaa, akapaka rangi upya. Tundu la shavuni lilikataa kushika rangi. Akamtundika hivyo hivyo kwenye ukuta wa chumba cha mbele, na watu wakawa wanakuja kumtazama.

Padri naye alikuja, akasimama mbele ya ukuta ule. "Umemsamehe yule bwana?"

"Nimejaribu, Padri. Bado."

"Na mumeo?"

Hieronimo alikuwa kibarazani anapiga msasa, na msasa ukanyamaza. Klementina aliliona hilo, akapaza sauti makusudi.

"Huyo nimemsamehe nusu. Nusu nyingine aniombe mwenyewe."