Tope la Mishomoroni

Marehemu mume wangu aliendesha malori Changamwe, na ndiye aliyenifundisha gari. Neno lake lilikuwa moja: "Usishuke lami kabla hujaijua ardhi ya pembeni." Nami nikimjibu, "Haya, mwalimu, nimesikia." Kusikia nilisikia.

Asubuhi moja nilikuwa nampeleka binti yangu hospitali, mimba yake ya kwanza, uchungu umeshamshika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Hapo Mishomoroni pembeni mwa barabara ni udongo mtupu, na lami imelika ukingoni mpaka imefanya kidato. Mbele nikaona jeneza laja, wanaume wamelibeba mabegani. Sisi tumelelewa hivyo: maiti akipita, unampisha. Madereva wenzangu walisimama pale pale juu ya lami. Mimi na adabu zangu nikataka kutoka kabisa! Nikakata usukani kwa pupa, magurudumu ya kushoto yakashuka, gari likalala upande. Nikakanyaga mafuta, likazidi kuzama.

"Mama, mtoto anakuja!" binti yangu akapiga kelele.

Wallahi niliogopa. Nikaupiga usukani kofi, nikalitukana gari, na mvua, na aliyeijenga barabara ile.

Wale wa nyuma ya jeneza, waliokuwa wakingoja zamu ya kubeba, wakatusikia. Wakachomoka, wakafunga kanzu viunoni, wakaingia topeni.

"Taratibu, mama! Wacha mafuta, shika usukani tu," mzee mmoja akaniamrisha.

Wakalinyanyua gari wakalirudisha juu ya lami, kisha wakakimbia kulifuata jeneza lao. Hata ahsante sikuwahi kusema.

Tulifika, na mjukuu wangu akazaliwa salama.

Arobaini yake ilipokwisha, niliulizia nyumba ya msiba, nikambeba nikaenda. Mjane alikuwa chumbani, bado yumo edani. Nikampa pole, nikamweleza yote, na aibu yangu pia. Akaniuliza:

"Kwa hivyo lile tope la kanzu ni la gari lako?"

"Ni la gari langu, dada. Nisamehe."

"Alhamdulillahi!" Akafunika uso kwa mtandio, akalia. "Niliwaona waliporudi makaburini, wamejaa tope hadi kifuani. Nikajua kaburi lilijaa maji. Siku zote hizi nalala nikimwona mume wangu majini, na sikuthubutu kumuuliza mtu."

Nikakaa kando yake, nikamshika mkono. Baadaye akajifuta macho, akanyoosha mikono.

"Hebu mlete huyo mwizi wa wabebaji," akasema, "nimpakate."